Punje za Alhamisi

Mjini Nyamira, ukishuka kutoka ofisi za kaunti kuelekea yanakosimama magari ya Keroka, utaona kibanda cha mabati ya buluu kilichoandikwa mlangoni: KUCHAPA, FOTOKOPI, LAMINESHENI, PASIPOTI. Hilo neno la mwisho lina maana ya picha tu. Pasipoti yenyewe nenda kaitafute kwingine, usije ukamgombeza mama wa watu.

Mama mwenyewe ni Tryphosa, mjane wa miaka hamsini na ushei, Msabato wa kweli kweli, na mpiga chapa tangu zama za mashine zilizokuwa zikilia kengele kila mstari ukifika mwisho. Alianza kazi hiyo akiwa msichana katika ofisi ya serikali, akichapa barua kwa karatasi ya kaboni, nakala ya juu na ya chini zikitoka safi zote. Mpaka leo ukithubutu kumwambia kwamba kompyuta inaandika vizuri kuliko mashine, atakuuliza ni kompyuta ipi hiyo inayoandika bila mtu. Usijibu. Wengi wamejibu na wamejuta.

Kibanda chake hakikosi wateja. Kuna wanaokuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, kuna wanaotaka ratiba ya mazishi yenye picha ya marehemu akiwa bado kijana, na kuna wanaoingia kujikinga mvua, maana Nyamira mvua ya alasiri ni kama ada ya shule, itakuja tu. Hao wa mvua Tryphosa huwaachia benchi wakae, ila wasiiguse printa. Lakini mteja tunayemzungumzia hapa alikuwa wa Alhamisi, naye aliitwa Jeconia Ogola.

Jeconia alikuwa mtu wa kutoka kule ziwani, mrefu, mtaratibu, mwenye kofia ya rangi ya udongo ambayo aliivua kila alipoingia nyumba ya mtu. Alikuwa mtunza stoo katika kitalu cha miche ya migomba karibu na Nyakoe. Kazi hiyo inaonekana rahisi kwa mtu asiyewajua wakulima wa huku. Mkulima wa Magwagwa hakubali kupewa mche wowote. Anakuja kitaluni mwenyewe, anainama, anachagua mmoja mmoja, huu majani yake yamelala, huu sipendi shina lake, na siku ya kuchukua anaitaka ile ile aliyoichagua. Kuna mama alifika siku moja akakuta mwenzake amepakia miche yake, akaingia ndani ya pikapu akaikalia, na dereva akawa hana la kufanya ila kuzima gari. Baada ya hapo meneja aliamua kila mche ubandikwe stika yenye jina la mwenyewe na aina ya ndizi. Mtu akiagiza miche thelathini, jina lake litoke mara thelathini.

Basi kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Jeconia alimletea Tryphosa orodha ya wiki hiyo ndani ya flashi. Kwenye kompyuta orodha ilikuwa mstari mmoja kwa mtu mmoja: jina, kijiji, aina ya ndizi, idadi ya miche. Kazi ya Tryphosa ilikuwa kuuchukua mstari mmoja na kuurudia mpaka ufike idadi yake, halafu ashuke kwa mtu wa pili, na wa tatu, mpaka mwisho. Alikuwa ananakili na kubandika, ananakili na kubandika. Kubandika si kazi. Kazi ni kuhesabu. Ukifika katikati ya Mogaka wa migomba arobaini, anaingia mtu anataka fotokopi ya kitambulisho mbele na nyuma, na ukirudi Mogaka amekupotea.

Tryphosa alijitafutia dawa yake. Aliweka mezani mabakuli mawili ya plastiki, moja likiwa na punje za mahindi makavu. Kila alipobandika mstari alihamisha punje moja kwenda bakuli la pili. Mteja aingie, atoke, azungumze siasa, punje zilikaa zilipo zikimngoja. Ilikuwa njia ya polepole lakini haikuwahi kukosea, na ilikula alasiri nzima.

Jeconia naye alingoja alasiri nzima. Angeweza kuacha flashi, aende zake, arudi jioni. Siku ya kwanza alingoja kwa sababu ya mvua. Tryphosa, ambaye amekulia katikati ya majani chai na hajawahi kuionja kwa ajili ya imani yake, alimmiminia uji wa wimbi kutoka kwenye chupa. Jeconia alikuwa mtu wa chai ya maziwa, tena ya rangi nzito, lakini alikunywa, akasifu, akaongezwa. Alhamisi iliyofuata mvua haikunyesha, na bado alikaa.

Walizungumza nini? Ah, mambo ya watu wazima. Jeconia alimweleza juu ya marehemu mkewe, aliyekuwa na sauti ya kuwaamsha jirani, na jinsi nyumba ilivyokuwa kimya siku hizi mpaka akanunua redio mbili, moja ya jikoni. Tryphosa alimsimulia juu ya Lorna, bintiye aliye mwalimu Nakuru, na juu ya ng'ombe wake anayekataa kukamuliwa na mtu mwingine. Waliyasoma pamoja majina ya orodha na kuwacheka wenyewe kwa upole. Tryphosa alimwita Jeconia Baba Akumu, kwa jina la kifungua mimba wake, naye akamwita Mama Lorna. Hakuna aliyemgusa mwenzake hata mkono, isipokuwa wakati wa kupokezana kikombe.

Tusizungukezunguke. Tryphosa alimpenda. Alikuwa hajamwambia mtu, lakini siku ya Alhamisi alivaa kitambaa cha kichwa cha kijani, na Nyanchera, fundi wa nguo wa kibanda cha pili, hakuwa kipofu. Nyanchera alisema kwamba mapenzi ni kikohozi, na kwamba yeye huku akishona anasikia mtu akikohoa kila wiki. Tryphosa alimwambia ashone.

Hapo ndipo Lorna alipoharibu mambo kwa wema wake. Alikuja nyumbani likizo ya Aprili, kabla ya Pasaka, akaona vidole vya mama yake vilivyoanza kuvimba kwenye viungo. Akauliza kazi gani inavitesa. Alipoelezwa juu ya bakuli na punje alicheka mpaka akajipangusa macho, halafu akamtumia mama yake video kwenye simu: mwalimu mmoja anayefundisha mambo ya majedwali, mwenye sauti ya kubembeleza.

Tryphosa aliitazama Jumatano akiwa peke yake kibandani, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Akaandika fomula kama alivyoonyeshwa, herufi kwa herufi, kwenye orodha ya zamani. Na fomula yenyewe, ukiielewa, ni kitu cha kupendeza. Inatazama jina lililoandikwa juu yake. Inahesabu limeandikwa mara ngapi tayari. Inakwenda kwenye orodha kulitafuta jina hilo na kuuliza linatakiwa mara ngapi. Kama bado, inaliandika tena. Kama limetimia, inashuka kwa jina linalofuata kwenye orodha. Unaiandika kisanduku kimoja, unaivuta kwa kipanya mpaka chini, basi. Tryphosa aliivuta. Majina yakamiminika, Mogaka mara arobaini, Omosa mara kumi na tano, kila mtu na haki yake, kabla hajamaliza kumeza mate.

Alisimama akapiga makofi. Alianza hata wimbo wa kanisani, ule wa kushukuru. Alifika kiitikio ndipo akakumbuka kwamba kesho ni Alhamisi.

Akaketi. Aliitazama benchi, akayatazama yale mabakuli, akaona jinsi itakavyokuwa: Baba Akumu anaingia, anatoa kofia, anatoa flashi, fomula inavutwa, printa inalia, Baba Akumu anavaa kofia. Uji wenyewe hautapata hata muda wa kupoa. Moyo ulimuuma, akashangaa kwamba umri wake bado una nafasi ya kuumwa hivyo. Mtu anatafuta dawa ya vidole, anapata na ugonjwa mwingine.

Alhamisi ilipofika alifanya jambo ambalo mimi siwezi kumlaumu, ingawa mchungaji wake pengine angeweza. Jeconia alipompa flashi na kurudi mlangoni kukung'uta mwavuli, Tryphosa aliiingiza, akaivuta fomula, akaihifadhi kazi iliyokamilika, akaificha. Kisha akafungua faili jingine, majina ya kwaya ya kanisani kwake, akasogeza mabakuli karibu na kuanza kubandika na kuhamisha punje kwa uso wa mtu mwenye kazi nyingi. Akina mama wa kwaya walirudiwa siku hiyo mara nyingi kuliko walivyowahi kuimba.

Mambo yalikwenda hivyo wiki baada ya wiki. Kusema kweli yalikuwa mazuri kuliko kwanza, kwa sababu sasa hakuwa anahesabu chochote, na akili yake yote ilikuwa kwenye mazungumzo. Siku za Sabato alijitetea mbele za Mungu. Alisema hajatamka uongo wowote kwa kinywa. Ni mikono tu, na mikono yenyewe ni migonjwa. Mungu hakumjibu, naye akachukua kimya hicho kuwa subira.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, hata mwongo mwenyewe akiwa mama mwema. Tryphosa alianza kuzoea. Mwanzoni alikuwa akiipitia orodha yote kabla ya kuchapa. Baadaye akaacha. Baadaye tena akaanza kuiruhusu printa iende yenyewe pembeni huku yeye akiendelea kuigiza, na kumweleza Jeconia kwamba anachapa kidogo kidogo kadiri anavyomaliza. Jeconia alikubali. Stoo ya miche haimfundishi mtu mambo ya printa.

Sasa lazima nikueleze jambo moja la huku. Mzee akifariki, jina lake haliachwi lianguke. Wanawe wakizaa, kila mmoja anampa mtoto wake jina la mzee, na hakuna anayemzuia mwenzake. Hivyo ndivyo kule Magwagwa katika ukoo mmoja walivyopatikana Mogaka wawili, watoto wa mtu na ndugu yake. Mogaka hao walipooa, nao wakalikumbuka jina la mzee mwingine, Onchiri, na wote wawili wakaliamsha. Wakawa Onchiri Mogaka wa boma la juu na Onchiri Mogaka wa boma la chini. Huku hilo halimshangazi mtu. Mmoja ni mnene na ni shemasi, mwingine ana pikipiki, na Tryphosa anawajua wote tangu wakiwa na kamasi.

Wiki hiyo Onchiri wa juu aliagiza miche. Onchiri wa chini, ambaye hakubali binamu yake amzidi kwa lolote, alimfuata siku hiyo hiyo akaagiza mingi zaidi. Jeconia akawaandika walivyokuja, wa kwanza kabisa kwenye orodha ya wiki, mmoja chini ya mwenzake, kijiji kimoja, ndizi za aina moja.

Alhamisi hiyo Tryphosa hakuyasoma majina. Alikuwa na habari ya ng'ombe wake ya kusimulia, amezaa pacha, na habari ya namna hiyo haingoji. Akavuta fomula, akavuta mpaka chini kabisa kwa sababu orodha ilikuwa ndefu, akajaza karatasi za stika kwenye printa, akageuza kiti na kuipa mgongo. Akamimina uji. Akashika punje.

Printa ikachapa. Ndama wa kwanza akazaliwa kwenye hadithi, printa ikachapa. Ndama wa pili akakwama mguu, jirani akaitwa, printa bado ikachapa. Jeconia, ambaye alipenda kusaidia, aliinuka kuzipokea karatasi zilizokuwa zinaanza kuanguka sakafuni. Akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akapekua za chini, kisha za juu.

"Mama Lorna," alisema, "huyu Onchiri Mogaka anataka kupanda kaunti mzima?"

Tryphosa aligeuka. Karatasi zote zilikuwa Onchiri. Onchiri Mogaka, Onchiri Mogaka, kutoka juu mpaka chini, na iliyokuwa ikitoka mdomoni mwa printa wakati huo ilikuwa Onchiri pia. Akaelewa hapo hapo, kwa uchungu. Fomula ilimmaliza Onchiri wa juu vizuri, ikashuka kwa jina linalofuata, ikakuta Onchiri Mogaka. Ikarudi kwenye orodha kumuulizia, ikamkuta yule wa juu, ikaona huyu ametimia, ikashuka kwa jina linalofuata. Likawa Onchiri Mogaka. Fomula haijui shemasi wala mwenye pikipiki. Ingeendelea kumzunguka Onchiri mpaka Yesu arudi, na wote waliokuwa chini yao kwenye orodha hawakufikiwa kabisa.

Alichomoa waya wa printa. Kibanda kikawa kimya, na katika kimya hicho Jeconia akatazama kompyuta, ambayo ilikuwa wazi kwenye majina ya kwaya. Akatazama bakuli. Akatazama punje iliyokuwa bado kati ya vidole vya Tryphosa.

"Hii haijafanywa na mkono yako," alisema polepole. "Mkono yako inajua hawa watu. Ungeniuliza, huyu ni yule wa juu ama wa chini."

Tryphosa aliiweka punje mezani. Alitamani mteja aingie, hata yule wa fotokopi mbele na nyuma, lakini mji wote wa Nyamira ulikuwa umeshughulika kwingine. Akamweleza kwamba kuna fomula. Akamweleza kwamba inamaliza kazi yote mara moja.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

Jeconia alitazama nje. Upande wa pili wa barabara mama mmoja alikuwa anachoma mahindi mabichi, na magunzi ya msimu yalikuwa yamejaa mtaroni. Pasaka ilikuwa imepita zamani.

"Kwa hivyo hizi Alhamisi zote," alisema, wala hakumaliza.

"Ningekuambia," Tryphosa alisema, "ungekuwa unachukua karatasi zako unaenda."

Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na likishatoka halirudi. Aliinamisha kichwa akaanza kuokota karatasi za Onchiri, nyingi ajabu, akizipanga kingo kwa kingo kama alivyofundishwa ofisini. Alimsikia Jeconia akisogea. Alimsikia akichukua kofia yake kutoka kwenye benchi. Akajiambia basi, imekwisha, na akajiambia asilie mpaka mlango ufungwe.

Kofia ikatundikwa kwenye msumari wa kalenda. Alipoinua macho, Jeconia alikuwa ameisogeza benchi mpaka kwenye meza na ameketi mbele ya yale mabakuli, magoti yake marefu yakigonga mbao za chini.

"Hawa wawili," alisema, "fomula imewashindwa. Tuwafanye na mkono. Wewe bandika, mimi nitahesabu."

Tryphosa alirudi kwenye kiti chake. Alijua vizuri kwamba akiongeza neno moja tu kwenye orodha, "juu" kwa huyu na "chini" kwa yule, fomula ingewatofautisha na kuwamaliza wote kabla Jeconia hajakaa sawasawa. Neno lenyewe lilikuwa kwenye ncha za vidole vyake. Alilimeza. Akafungua orodha, akamnakili Onchiri wa juu, akambandika.

Jeconia akahamisha punje.

Wakaendelea hivyo, naye akamalizia habari ya ndama wa pili, ambaye alipona na amepewa jina la Alhamisi. Jeconia akacheka. Nyanchera alichungulia mlangoni akiwa na tepu shingoni, akaona benchi ilipo, akakohoa kwa nguvu, akaondoka. Hawakumjali. Tryphosa alibandika na kubandika, na baada ya muda akaanza kuona ajabu, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinamwambia kwamba Onchiri wa juu alistahili kuwa amekwisha, na bado bakuli la kwanza lilikuwa na punje za kutosha.

Akatazama kwa pembe ya jicho, bila kugeuza kichwa. Jeconia alikuwa ameyakazia macho mabakuli kwa makini ya mtunza stoo. Alihamisha punje mbili. Akasikiliza kidogo kama anatazamwa. Halafu, taratibu, kwa kidole kimoja, akairudisha moja.

Tryphosa alichukua chupa ya uji. Alimjazia kikombe mpaka ukingoni, akafuta yote aliyokuwa amebandika, na akaanza upya na Onchiri wa kwanza.